Mhadhara wa Wazi juu ya Ndoa na Kilio cha Usiku

Wazee wangu wa Kilwa Masoko, wageni waalikwa kutoka Kivinje, na nyinyi vijana mliovutwa na harufu ya kahawa, sikilizeni. Mbele yenu amesimama Mtaalamu wa Ndoa Baada ya Uzazi, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana wilaya nzima mtu mwenye hadhi ya kunitunuku.

Nianze na historia, maana mtaalamu asiyeanza na historia ni mpiga porojo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka hapo ng'ambo, Kisiwani. Akausifu mji, akamsifu Sultani al-Hassan bin Suleiman kwa ukarimu wake. Lakini nani aliamka usiku mtoto wa Kilwa alipolia? Hakugusia. Pengo hilo la elimu limekaa karne karibu saba likinisubiri mimi.

Nikavuka kwenda Husuni Kubwa kufanya utafiti. Watalii huonyeshwa bwawa lenye pembe nane na kusimuliwa dhahabu ya Sofala. Mimi nilitazama vyumba. Kasri lile lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na nadharia yangu, ambayo wanaakiolojia wameinyamazia kwa husuda, ni kwamba Sultani alikuwa na mtoto mchanga. Kilio kikianzia chumba cha kwanza, baba anahamia cha hamsini. Sisi wa vyumba viwili tuhamie wapi? Ndiyo maana tuko hapa barazani.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Baba anapewa 3. Gawanyeni 84 kwa 3, mtapata 28. Maana yake dola imetambua kwamba baba mmoja hufanya kwa siku moja kazi ya mama ya siku ishirini na nane. Mama uliyeko hapo nyuma, usicheke, maswali mwisho. Mvuvi wa Somanga, kwa taarifa yenu, hana hata hizo tatu. Dagaa hawasubiri mtu aone mwanawe.

Na hapo kwenye dagaa ndipo penye elimu nzito, ya falaki. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wanapumzika. Lakini mwezi huohuo mpevu ndio unaoleta bamvua: maji yanakupwa mbali, miamba inatokeza, na wanawake wanateremka na vijiti vyao kusaka pweza. Mnaona? Siku baba anapokuwa na nafasi ndizo siku mama yumo majini hadi magotini. Mwenyezi Mungu amepanga zamu bila kutuitisha kikao. Hata hivyo, baada ya uchunguzi wa kina, nimegundua kwamba siku hizo mtoto hukaa na bibi yake. Na baba? Baba yupo hapa, anajifunza kwangu jinsi ya kuimarisha ndoa.

Ushauri wangu wa kitaalamu ni huu. Mke akirudi mwambani, kabla hajatua vizuri ndoo ya pweza, aoge, afunge kanga mpya, achome udi, kisha apike. Wangu nilimpa ushauri huu, akaupokea kwa ukimya ambao umedumu tangu Idi. Nauhesabu kuwa ni heshima kwa elimu.

Mnaniuliza mwanamume naye afanye nini. Jamani! Wanawake wana somo wao wa kuwafunda. Sisi tulifundwa jandoni tungali wadogo, na sikumbuki siku tuliyofundishwa nepi. Nitalaumiwaje kwa kitu ambacho hakikuwemo kwenye silabasi?

Nina jirani, kijana mvuvi asiye na elimu yoyote ya ndoa. Mwezi ukipevuka anamfunga mwanawe mgongoni kwa kanga ya mkewe, anakaa juu ya mbuzi mlangoni kweupe, anakuna nazi. Watu wanapita, wanaona! Nimemwonya kwamba anaishusha hadhi ya wanaume wa pwani. Ananijibu, "Sawa, mzee wangu," huku anaendelea kukuna. Mkewe akirudi na pweza wake, wanacheka humo ndani mpaka isha, na kelele zao zinanikwamisha kuandika kitabu changu kuhusu furaha ya unyumba.

Mwisho, Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo inataka wanandoa wanaogombana wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani kudai talaka. Baraza letu limeniletea barua ya wito, Alhamisi saa tatu asubuhi. Bila shaka wanahitaji mshauri mwelekezi. Wamemwita na mke wangu pia, nadhani aje anishike mkoba, na wameandika kwamba maombi yaliletwa na yeye.

Haya, kahawa ni shilingi mia. Mhadhara ni mia tano.