Mlinzi wa Haibiskasi

Huku Migori sijaona mtu akinunua mche wa haibiskasi. Unaomba tawi kwenye uzio wa mtu, unene wa penseli, unalichomeka ardhini, mvua ya Aprili inamalizia. Langu lilitoka Homa Bay kwa matatu, limefungwa kwa gazeti bichi, limebanana na mfuko wa omena. Lilifika likinuka ziwa, likashika.

Tangu lianze kuchanua mimi ni askari wa geti asiye na mshahara. Mbuzi wa jirani hufungua zamu alfajiri. Hufuata wanafunzi wa sekondari: wa baiolojia wanataka ua zima, maana humo kila kiungo kinaonekana bila darubini, petali tano, mnara mrefu wenye stameni, na stigma tano kileleni. Wa kemia wanataka petali za kuponda, waziloweke kwenye spiriti wapate kiashiria cha asidi na besi. Na ua lenyewe hudumu siku moja tu, kwa hiyo kila mtu ana haraka.

Kisha akaja Dani, nyanya yangu, kutoka Homa Bay. Redioni alikuwa amesikia chai ya haibiskasi inashusha presha. Chai hiyo hutoka kwa rosela, binamu wa haibiskasi yangu, na kinachochemshwa ni vile vikombe vyekundu vinavyobaki ua likipukutika. Nani amwambie Dani? Alichuma sufuria nzima ya petali, akachemsha. Ikatoka zambarau. Alipoinua kijiko, chai ilikifuata kwa uzi mrefu.

"Nyathina, mwanangu, hii ni apoth iliyovalia harusi."

Alikuwa sahihi kuliko redio: haibiskasi, mrenda (ndiyo apoth) na bamia ni ukoo mmoja, na pamba pia imo. Basi akafanya lile linalofanyiwa apoth, akatia magadi kidogo. Chai ikageuka kijani mbele ya macho yetu. Dani akaisukumia kwangu. Presha, alisema, ni yangu mwenye nyumba.

Januari nilienda matanga Homa Bay, jua likawaka, vidung'ata wakafunika vitumba vyote kwa unga wao mweupe. Niliporudi nilikuta ujumbe getini. Wanafunzi walikuwa na majaribio kesho yake. Jirani alisema mbuzi wake amekonda.

"Ndugu yangu, ukisafiri tena," akaniambia kwa upole, "uniachie ufunguo."