Starehe Yenye Ratiba

Mpwa wangu hununua magari mnadani Yokohama na kuyapakia melini kwenda Dar es Salaam. Kazi hiyo imempa fedha, na fedha imempa mawazo. Nilipomtembelea sikuwa na makubwa: nilitaka kitanda, bafu lenye mlango unaofungwa, na mtu wa kunionyesha kile choo chao chenye vitufe vingi kuliko rimoti kinazimwa wapi. Yeye akasema, "Mjomba, safari hii hulali hotelini. Nakupeleka kijijini, kwenye hema la kifahari."

Turubai nalijua. Hufungwa harusini na msibani, na hata huko mtu wa umri wangu hutafutiwa chumba.

Basi tukaenda. Treni ya kasi mpaka Okayama, kisha nyingine iliyopita juu ya bahari kwa Daraja Kuu la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, ikatuingiza kisiwa cha Shikoku na kutushusha Oboke. Tulipokewa na Noah, ileile tuijuayo, ila ilikuwa na abiria wanne tu na kila mmoja kafunga mkanda. Barabara ya Bonde la Iya ni nyembamba, upande huu mlima, upande huu korongo. Kwenye mwamba mmoja ulioning'inia juu ya korongo la mita 200 hivi wamesimamisha sanamu ya kitoto cha kiume kinachokojoa kuelekea chini, ukumbusho wa watoto na wasafiri waliokuwa wakipimana ushujaa pale. Kwetu mahali kama hapo pangeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na faini ingetajwa.

Hema lenyewe sitalisema vibaya. Lilikuwa na kitanda, zulia, hita na blanketi la sufu. Kosa lake ni kuwa lilikuwa hema. Usiku upepo ulilipiga makofi, mto ukanguruma kule chini, na nilipotaka kwenda haja ilinibidi nitoke nje gizani, nikavuka changarawe kukifuata kiti cha choo kilichopashwa moto. Mtu aliyefikiria kupasha moto kiti alishindwaje kufikiria ukuta?

Asubuhi tukapewa ratiba. Mimi nimestaafu, ratiba ya mwisho niliirudisha ofisini pamoja na funguo. Hii ilikuwa na chai, daraja, tambi na maji ya moto, kila kimoja na saa yake, na Wajapani wakisema saa nne hawamaanishi saa nne na robo.

Chai kwanza. Unapiga magoti kwenye mkeka, unakalia visigino, unatulia. Wazungu wawili tuliokuwa nao walianza kuhangaika papo hapo, nami nikawatazama kwa huruma ya mtu aliyekaa tahiyatu tangu utotoni. Huruma hiyo haikufika mbali. Mwenyeji alikuwa bado anakunja kitambaa. Akakikunja tena. Akafuta kikombe, akafuta kijiko, akachota maji ya moto kwa kata ya mianzi taratibu kana kwamba yangeshtuka. Imamu wetu akirefusha tahiyatu namna ile, msikitini atabaki yeye na mwadhini. Tamutamu unaila mwanzo, chai inafuata: bakuli unalizungusha kidogo usije ukanywea upande wake wa mbele, ndani mna kitu cha kijani chenye povu, kichungu, na ukitafuta sukari ujue ilishapita. Kuinuka niliinuliwa.

Maji ya moto ya chemchemi niliyafuta kwenye ratiba kwa kalamu yangu. Wenyewe huingia uchi wa mnyama, wengi pamoja, kitaulo kidogo kichwani. Mpwa akanieleza eti hakuna anayemtazama mwenzake. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu atakaporudi nyumbani atamwangaliaje mama yake, ambaye ni dada yangu. Kabla ya kuingia bwawani lazima uoge kwanza, umekaa kwenye kigoda. Kwa hiyo nilisubiri watu waishe, nikakaa kwenye kigoda, nikajimwagia kwa ndoo, nikavaa. Nimeoga. Mambo ya bwawa wenyewe wanayajua.

Daraja la Iya limesukwa kwa mimea ya porini itambaayo: urefu mita 45, juu ya maji mita 14, na kila baada ya miaka 3 linasukwa upya. Wanasimulia kuwa watu wa ukoo wa Taira, waliokimbilia milimani baada ya kushindwa vitani mwaka 1185, walitumia madaraja ya aina hiyo ili adui akija wayakate. Siku hizi ndani ya mimea hiyo kuna nyaya za chuma, lakini miti ya kukanyagia imeachana kiasi kwamba kila hatua unauona mto. Tena ni njia ya upande mmoja. Ukighairi katikati, unaghairi huku unasonga mbele.

Kulikofurahisha kuliko kote ni kijiji cha Nagoro, ambako wanasesere ni wengi kuliko watu. Vijana walihamia mijini, wazee wakafariki, na mama mmoja wa hapo akaanza kushona wanasesere wa ukubwa wa mtu na kuwaweka mashambani, kituo cha basi, hata darasani baada ya shule kufungwa mwaka 2012. Mpwa wangu, mwenyeji wa Japani, aliinama kwa heshima kumsalimu mmoja aliyevaa gamubuti.

Tambi tulifundishwa na bibi mmoja wa huko. Unga wa soba ni wa kijivu, haushikani, na za Iya ni nene na hukatikakatika. Mimi nyumbani sijawahi kusukuma hata chapati. Pale nilikanda, nikasukuma, nikakata, na fedha ya mpwa ikalipwa. Bibi alizitazama zangu, akaguna, akazitosa sufuriani. Tukala kimya. Baadaye akamuuliza mpwa jambo, akinielekezea kidevu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini mtu mzima unalazwa nje."

Nikamwambia ajibu kwamba hata mimi nimeuliza. Bibi akacheka, akavua aproni, akapanda kirikuu chake cheupe na kukiwasha. Nikamsukuma mpwa: "Kimbia kamuulize kama kwake kuna chumba."