Namna ya Kufa Vizuri na Watu Usiowajua

Jina la gemu yenyewe limeshakuonya. PUBG, ambayo mtaani tunaiita "pabji", imebeba jina la PlayerUnknown, yaani Mchezaji Asiyejulikana. Ndivyo alivyojiita mtandaoni Brendan Greene, Mwairishi aliyeibuni. Ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2017, ikaingia kwenye simu mwaka 2018, na tangu hapo mtu anaweza kukaa kibarazani kwao Tandika, akabonyeza kitufe kimoja, akajikuta ndani ya ndege na watu watatu ambao hajui sura zao, dini zao wala kama wamekula.

Piga hesabu kabla hujaruka. Ndege imebeba watu 100. Wagawe wannewanne, utapata vikosi 25, na kinachokula kuku, yaani kinachobaki hai mpaka mwisho na kushinda, ni kimoja. Ngazi za chini kuna roboti wanaoilainisha hesabu hiyo, lakini ukipanda kidogo utaionja. Maana yake ni kwamba jambo utakalolifanya mara nyingi kuliko yote kwenye gemu hii ni kufa, tena mbele ya wageni. Kulenga watakufundisha wengine. Mimi nataka ufe vizuri, na kabla hujafa uwe umekuwa mtu wa kufa naye.

Anza na salamu mkiwa bado angani. Maneno machache yanatosha: "Habari zenu jamani, mimi nitashika mbele." Kwenye mechi ya mchangani huhitaji hata hayo. Unafika ufukweni, unavua ndala, unamtazama mtu machoni, anakutupia mpira, na tayari wewe ni winga wa kulia. Macho yamemaliza kazi. Kwenye simu macho hayapo, mkono begani haupo, kicheko cha kukukaribisha hakipo. Kilichobaki ni sauti, nayo ibebe mizigo yote hiyo peke yake. Ndiyo maana anayeingia kimya huonekana ana kiburi hata kama ni mpole kuliko wote.

Salamu hukwambia pia uko na nani. "Oya wanangu" huyo ni wa Dar, "niaje wasee" huyo yuko Nairobi, na ukisikia "yakhe" ujue umepata mtu wa mwambao. Ukijibiwa kwa Kiarabu usichokielewa, usikate tamaa. Alama unayoichomeka kwenye ramani haina lugha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku mgeni anakaa nusu saa, kwa hiyo jembe lake apewe dakika ya kwanza. Mwambie aliye kimya kuliko wote: "Chagua wewe, tunashuka wapi?" Akichagua Pochinki, kijiji ambacho nusu ya ndege hukimbilia kwenda kuuana, mfuate Pochinki. Wanne waliokaa pamoja mahali pabaya wana nafuu kuliko wanne waliotawanyika mahali pazuri panne. Na aliyechagua kituo huwa hakimbii watu aliowashusha.

Mkishatua unakuja mtihani wa begi. Bunduki ya M416 hula risasi za 5.56. AKM hula 7.62. Kama umeshika M416 na begini umejaza risasi 200 za 7.62, hizo umemtunzia mwenzako mwenye AKM, ila bado hujamwambia. Zidondoshe, sema zilipo. Vivyo hivyo darubini ya 8x iliyolala begini mwa mtu anayependa kuvamia milango, wakati mwenye bunduki ya Kar98k yuko juu ya kilima anakodoa macho. Toa. Mgeni uliyempa darubini hakuachi tena, atakufuata kama mtoto aliyepewa andazi.

Na visanduku vya huduma ya kwanza, ukiwa na viwili, kimoja ni cha asiye nacho. Mpe kabla hajaomba. Mgeni huona haya kuomba. Wapo wanaocheza mechi nzima wakiwa na nusu ya damu kwa sababu tu hawakujua wafungueje kinywa mbele ya watu wasiowajua, na wenzao wakawaona wazembe.

Halafu yuko yule anayesimama katikati ya barabara kama nguzo ya umeme. Ulimi utakuwasha. Uzuie, kwanza ufikirie bahari. Seva mnayochezea haipo Kariakoo. Tunaocheza kutoka huku huchagua ya Mashariki ya Kati au ya Ulaya, na kila hatua unayopiga huvuka maji kwenda na kurudi. Waya wa TEAMS, ulioanza kazi mwaka 2009, unatoka Mombasa na kupita chini ya bahari hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Ile namba ndogo pembeni ya skrini ni milisekunde za safari hiyo, kwenda na kurudi. Ikiwa 80 unacheza. Ikipita 200 utajificha nyuma ya ukuta na bado utauawa, kwa kuwa seva inakuona ungali uwanjani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama ile, aliyesimama kama nguzo ana kosa gani?

Muulize tu: "Kaka, mtandao?" Kisha mlinde mpaka arudi. Niliwahi kupangwa na mtu mwenye duka. Katikati ya mchezo alisema, "Nisubirini, namuuzia mtu sukari," akaondoka. Tulibaki watatu tumeuzunguka mwili wake uliosimama bila mwenyewe, bunduki zimeelekea pande tatu, na robo kilo ile ilikuwa ndefu kuliko robo kilo zote nilizowahi kuzisubiri. Aliporudi alishangaa kujikuta yuko hai. Tangu hapo hakuna risasi iliyotupata bila yeye kuijibu wa kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote: kumrudia aliyeanguka. Ukipigwa ukiwa na kikosi hufi papo hapo. Unakwenda chini, huwezi kufyatua, unatambaa huku damu ikipungua. Mwenzako akikufikia na kutulia nawe kwa sekunde kama kumi bila kuguswa, unasimama tena. Mkianguka wote, mmekwisha kwa pamoja. Gemu nzima ya vikosi imejengwa juu ya sekunde hizo kumi, na mtu asiyezitoa kwa mwenzake anacheza peke yake kwenye msongamano.

Zitoe kwa akili. Rusha moshi kwanza, na uurushe kati ya mwenzako na adui. Wengi huurusha juu ya majeruhi peke yake, kisha wanakimbia uwazini kumfuata, na hapo wanakuwa majeruhi wawili ndani ya wingu moja. Sema "nakuja". Neno hilo linafanya kazi: aliyeanguka huacha kuhangaika, huja upande wako, na waliobaki hujua kwamba wao ndio wa kufyatua sasa. Kama huwezi kwenda, sema pia, tena utoe sababu: "Siwezi, wako wawili mlangoni." Mtu huvumilia kuachwa akijua kilichosababisha. Asichovumilia ni kutazama alama ya mwenzake ikienda mbali kwenye ramani bila neno.

Aliyekufa huacha sanduku lenye vitu vyake vyote. Kuna watu ambao, mwenzao akiwa bado anatambaa, wameshaanza kuizunguka kofia yake ya chuma kama mwewe anayezunguka kifaranga. Anakuona. Atakukumbuka.

Kuanguka nako kuna adabu zake. Usiite "nisaidieni" mara tisa. Toa habari: jiwe kubwa, kulia, mmoja, nimemvunja kofia. Kwa maneno sita umempa mwenzako nafasi ya kulipiza. Usibaki uwazini ukisubiri kubebwa, tambaa uende kwa anayekujia. Na ukishakufa kabisa, unaruhusiwa kuwatazama waliobaki. Watazame, lakini usiwaendeshe. Anayesikiliza nyayo za adui hawezi kukusikiliza na wewe, na hakuna aliyewahi kulenga vizuri zaidi kwa sababu marehemu alimwambia alenge vizuri.

Inasemwa kwamba mtandaoni watu hutukana kwa sababu ndivyo walivyo. Siamini, na ninayo sababu. Mwaka 2012 studio moja ya Marekani, thatgamecompany, ilitoa gemu ya PlayStation 3 iitwayo Journey. Wachezaji wawili wasiojuana hukutana jangwani wakielekea mlima mmoja. Hakuna majina, hakuna maiki, kuna mlio tu wa kuitana. Aliyeongoza utengenezaji wake, Jenova Chen, ameeleza kwamba katika majaribio ya mwanzo wachezaji waliweza kusukumana, na kwa kuwa waliweza, walisukumana hadi mashimoni. Watengenezaji wakauondoa uwezo huo, wakafanya kugusana kuwaongezee wote wawili nguvu ya kuruka. Mambo yakageuka: watu wakaanza kutembea wameshikamana, mmoja akipitwa anangojwa. Majina ya uliosafiri nao huyaona mwisho kabisa, safari ikiwa imeshakwisha.

Kwenye pabji hakuna aliyetuondolea kitufe cha kusukumana, kiko palepale kwenye maiki. Kwa hiyo kiondoe mwenyewe. Hasira ikipanda, zima maiki na uendelee kwa alama za ramani. Hii mbinu ni ya kweli kabisa: Apex Legends, iliyotoka mwaka 2019, ilisifiwa mno kwa mfumo wake wa alama, kwa kuwa watu watatu wasiojuana waliweza kuonyeshana adui, silaha na njia bila kutamka lolote. Alama haipandishi sauti. Haina lafudhi ya kuchekwa. Ukipoa, washa maiki.

Mdogo wangu wa kike ni mlengaji hodari, na maiki yake imezimwa siku zote. Aliizima baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu kila aliposalimia aliulizwa namba ya simu, kama ameolewa, na nani kamwazima simu. Hakuna aliyemuuliza adui yuko wapi, na yeye ndiye aliyekuwa akimwona. Linaniuma mpaka leo. Ukisikia sauti ya kike, uliza kile ambacho ungemuuliza mwanamume: "Wako wapi?" Na mwenzako akianza upuuzi, mwambie aache, palepale, kwa sauti. Ukikaa kimya, yule dada atawahesabu wapuuzi wawili. Sauti ya mtoto nayo ikisikika, punguzeni lugha kikosi kizima, kama mnavyopunguza redio mgeni akibisha hodi.

Umri hauonekani kwenye skrini. Nililijua hilo usiku mmoja wa Ramadhani. Kikosi chetu kilikuwa na kijana wa Tanga mwenye kinywa kikali, mtu mwingine ambaye hakusema neno, na wa nne aliyekuwa akienda taratibu, akichelewa kila mahali. Kijana alimpa maneno mazito kuhusu mwendo wake. Kikapita kikohozi, kile kikohozi cha mtu mzima, kisha sauti ya taratibu ikasema kwa Kiunguja safi: "Samahani, mwanangu. Vidole vya uzee hivi." Risasi zilikuwa zinalia. Kijana akanyamaza, akameza mate, tukamsikia: "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Yuko nyuma ya lile gari bovu, mkono wako wa kushoto."

Alikuwepo kweli. Kijana alimwangusha, na tangu hapo akawa anatembea kwa mwendo wa mzee, akimfungulia milango, akimwachia kila kisanduku cha dawa alichokiona. Mzee alituambia yuko Muscat, mama yake alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na kwamba hucheza usiku ili asikie Kiswahili. Tukafika duara la mwisho la mchezo, tumebaki vikosi vitatu. Nikaanguka kwenye majani, mbali na wenzangu, na nikawaambia wasije. Nikasikia "nakuja", taratibu vilevile, halafu moshi ukatua, mahali panapotakiwa hasa, kati yangu na adui. Alifika. Alifikisha sekunde saba au nane. Bomu likatukuta wote wawili, na waliobaki hawakukaa muda mrefu baada yetu. Tukatoka wa pili.

Hakuna aliyeondoka. Tulikaa kwenye skrini ya matokeo bila kusema, mpaka mzee akakohoa tena.

"Haya wanangu. Huku adhana imekaribia. Nyinyi bado mna kama saa nzima, kaleni daku."