Maktaba Iliyonunua Kufuli Kabla ya Rafu

(Ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, Mji Mkongwe wa Unguja. Kamati ya kuanzisha maktaba ya jamii ya elimu za siri imeshuka kwenda kuswali magharibi. Chumbani wamebaki KASHA, la mninga, lenye misumari ya shaba, KUFULI, jipya, bado lina kibandiko cha bei, CHETEZO, KITABU, kilicholala ndani ya kasha, DAFTARI, lililonunuliwa kwa ajili ya orodha ya vitabu, na MCHWA, ambaye hakualikwa.)

KUFULI: Hodi wenyewe. Mimi ndiye mwanzo wa maktaba hii. Kamati imenipitisha leo kwa kauli moja.

KASHA: Karibu. Na rafu wamezipitisha?

KUFULI: Rafu zitazungumzwa kikao kijacho.

KASHA: Na meza ya wasomaji?

KUFULI: Itaundiwa kamati ndogo.

KASHA: Na wasomaji wenyewe?

KUFULI: Hao ndio nilionunuliwa kwa ajili yao.

CHETEZO: Msimcheke, kikao kilikuwa kizito. Nimefukizwa udi tangu alasiri, maneno mengine yamenipita. Ila habari ya jina niliisikia. Mwenyekiti alitaka iitwe Hazina. Katibu akataka Nuru. Mweka hazina akasema ikiitwa Hazina watu watadhani mali ni yake. Mwisho wakaafikiana: Hazina ya Nuru, na ubao usitundikwe nje, watu wasije wakaingia.

DAFTARI: Shikamooni wazee wangu. Samahani kwa kuingilia. Maktaba ya jamii isiyo na ubao, jamii itaijuaje?

KUFULI: Jamii haitakiwi kuijua. Hii ni elimu ya siri, kijana.

DAFTARI: Basi hilo neno "jamii" limewekwa la nini?

KUFULI: La wafadhili.

MCHWA: (akichungulia kwenye tundu la kitasa cha zamani cha Kasha) Jamii mimi hapa. Na msomaji pia. Katika nyumba hii hakuna aliyesoma vingi kunishinda. Nilianza na kitabu cha tiba, nikala mlango wa homa, nikamaliza wa tumbo. Sasa niko kwenye nyota.

KASHA: Mlaaniwa wee! Mimi ni mninga, siliwi!

MCHWA: Nani kakugusa, babu? Mbao zako chungu. Nimepita tundu la ufunguo. Mlipolitoboa mlidhani mnamzuia mwizi, kumbe mnanikaribisha mie. Na tangu ufunguo upotee hakuna aliyenisumbua. Giza, unyevu na watu wenye siri: mchwa aombe nini zaidi?

KASHA: Mwenye kasha alipofariki, watoto wake walilifunga kwa heshima.

MCHWA: Heshima yao nimeila, ina ladha ya gundi.

DAFTARI: Wazee, katibu ameniandikia masharti ukurasa wa kwanza. Niwasomee? Sharti la kwanza: vitabu visitoke. La pili: wasomaji wasiingie. La tatu: msomaji ataruhusiwa kusoma kitabu akishathibitisha kwamba kilichomo anakijua. La nne: mgeni kutoka ng'ambo mwenye kamera apokelewe kwa chai.

CHETEZO: La nne nalikubali. Wageni hao hupenda nifuke.

KUFULI: Mnafanya mzaha, lakini masharti hayo yana maana. Humo ndani mna kitabu ambacho watu hawakitaji ila kwa kunong'ona. Mkikiacha wazi, kila chizi atakuja kuita majini. Si hivyo, Sheikh?

KITABU: (akikohoa vumbi) Mimi? Naitwa Shamsul Maarif. Nimebandikwa jina la Ahmad al-Buni, mtu wa Maghribi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13. Ila wataalamu wa leo walionipekua wanasema umbo langu hili kubwa, hili mnalolitetemekea, lilikusanywa karne nyingi baada ya kifo chake. Jina la mmoja, mikono ya wengi. Nimechapwa Misri, nimechapwa Beirut, nauzwa madukani kwa bei iliyoandikwa nyuma ya jalada.

KUFULI: Sheikh, taratibu! Maneno hayo hayafai kusikika nje.

KITABU: Yafichwe ya nini? Aliyekuwa akinikodi ndiye aliyeyaficha.

DAFTARI: Anakukodi vipi, Sheikh?

KITABU: Nitakuonyesha, nawe uhesabu. Amekuja kijana anaitwa Ali, biashara yake haiendi. Fundi aliyenikodi amekaa kwenye jamvi, amenifungua mbele yake, Bibi Chetezo anafuka. "Jina lako? Jina la mama yako?" Mama anaitwa Mariamu. Basi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Ali ni ain, lam, ya. Ain 70, lam 30, ya 10.

DAFTARI: Jumla 110.

KITABU: Mariamu ni mim, ra, ya, mim. Mim 40, ra 200, ya 10, na mim nyingine 40.

DAFTARI: 290. Mama na mwana, 400.

KITABU: Sasa toa 12, utoe tena 12, mpaka usiweze.

DAFTARI: Thelathini na tatu mara 12 ni 396. Imebaki 4.

KITABU: Moja ni Hamal, mbili ni Thaur, tatu ni Jauza, nne ni Saratani, yaani Kaa. Nyota ya Ali ni Kaa. Umeshapiga falaki.

DAFTARI: Basi tu?

KITABU: Basi tu. Na kila Ali mwana wa Mariamu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, nyota yake ni hiyo hiyo. Fundi hakumwambia hayo. Alimwambia nyota imechafuka, inataka kusafishwa, na kusafisha kuna gharama.

CHETEZO: Udi nao si bure, yakhe.

KITABU: Sikukulaumu wewe. Nasema hesabu ya kujumlisha na kutoa, ambayo mtoto wa madrasa angeifanya kwa kijiti mchangani, imelipiwa elfu hamsini na kuku kwa sababu moja tu. Mimi nilikuwa nimefungwa.

MCHWA: Nami nathibitisha. Ukurasa wa ile khatimu ya vyumba tisa nimeula. Juu 4, 9, 2. Katikati 3, 5, 7. Chini 8, 1, 6. Ukijumlisha wima, mlalo au mshazari unapata 15. Nilipoitafuna sikupata utajiri wala jini. Nilipata kiu.

KUFULI: (akipandisha sauti) Haya, mmenicheka vya kutosha. Nijibuni hili. Elimu ya ndani ina mlango wake. Mtu haendi kwenye nyiradi za tarika kwa kusoma tu. Anapewa ijaza, yaani ruhusa, na sheikh wake, naye sheikh alipewa na wa kwake. Huo ni mlolongo. Mkiweka vitabu kwenye rafu, kila mtu atajifanya sheikh. Mtakubali?

KASHA: Hapo amesema. Katika zama zangu tarika ya Qadiriyya ilienea mji huu kwa watu kukaa magotini mwa masheikh. Mwenezi wake, Sheikh Uways wa Barawa, hakuja na sanduku la vitabu akasema jisomeeni.

KITABU: Amesema kweli, nami naikubali kweli hiyo. Lakini ifuateni mpaka mwisho. Kinachopokelewa kwa sheikh, yaani adabu, dhikiri, kulelewa nafsi, je, kimo ndani yangu?

KASHA: Hakimo. Hakiandikiki.

KITABU: Basi mwenye kuniiba hakukiiba, na kunifunga hakukilindi. Na kile kilicho ndani yangu ni wino kwenye karatasi. Kiliandikwa ili kisomwe. Siri ya kweli haihitaji kufuli, na isiyo siri haistahili. Sasa Bwana Kufuli, wewe unalinda kitu gani?

(Kimya. Kufuli anajigeuza upande wa kibandiko.)

KUFULI: Nalinda... dhamana. Na serikali je? Kenya walitungiwa sheria ya uchawi mwaka 1925, Tanganyika 1928. Mnataka kamati ifikishwe mahakamani?

DAFTARI: Bwana, ukitoka hapa ukaenda Kilimani, utazikuta Nyaraka za Taifa. Kuna miswada ya Kiarabu ya tiba, ya nyota, ya dua, hata ya talasimu. Serikali yenyewe imeiweka, ikaiandikia orodha, na mtafiti huomba kibali akasoma.

CHETEZO: Na haifukizwi udi?

DAFTARI: Haifukizwi, Bibi. Moshi unaharibu karatasi.

CHETEZO: Astaghfirullah!

DAFTARI: Katibu alininakilia mifano ukurasa wa pili, awaonyeshe wafadhili. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Asili imebaki Lamu, picha inasomwa popote. Uhindi, Kanali Olcott, mmoja wa waasisi wa Jumuiya ya Theosofia, alifungua maktaba ya Adyar mjini Madras mwaka 1886. Wale walikuwa watu wa elimu ya ndani kwelikweli, na humo walikusanya miswada, hata iliyoandikwa kwenye majani ya mivumo, wakaipa namba.

KUFULI: Na waliofunga hawamo humo?

DAFTARI: Wamo. Amsterdam, tajiri Joost Ritman alifungua mwaka 1984 maktaba ya vitabu vya wanafalsafa wa siri wa Ulaya alivyokusanya. Mwaka 2010 benki ikavishikilia kwa deni, milango ikafungwa.

KUFULI: Umeona! Kufuli lilikuwa la aina gani?

DAFTARI: La mkopo. Maktaba ikafunguliwa tena, na mwaka 2016 mwandishi wa riwaya Dan Brown akatoa euro 300,000 vitabu vipigwe picha. Leo vingi vinasomwa bure kwenye intaneti.

MCHWA: Habari mbaya sana. Picha hailiki.

KASHA: Nami niseme langu, maana nimezeeka. Kile kitabu kidogo cha ngozi, kilichozungushiwa kamba saba, ambacho mwenye kasha hakuwaonyesha hata wanawe...

KUFULI: Hicho ndicho cha kwanza kufungiwa!

KASHA: Baba yake alikuwa nahodha. Kimeandikwa nyota za kushikia njia usiku, siku za kaskazi na siku za kusi. Nyuma yake kuna hesabu ya mwaka wa wakulima: miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza, jumla 365. Ni hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi, ambayo Makunduchi wanaiadhimisha kila Julai kwenye Mwaka Kogwa.

DAFTARI: Hakuna jini?

KASHA: Kuna bei ya boriti za mikoko.

KITABU: Basi watoto wake walirithi kalenda ya kupanda mtama wakadhani wamerithi uchawi. Wakaiogopa. Mkulima aliyeihitaji hakuiona, na fundi akajisifu anayo.

KASHA: Wahenga walisema mficha uchi hazai.

MCHWA: Mimi nazaa.

KUFULI: (kwa unyonge) Sasa mimi nikafanye kazi gani? Nimeshanunuliwa, risiti ipo.

KITABU: Kazi ipo. Funga mlango wa nje usiku, mwizi asituuze kwa watalii mmoja mmoja. Asubuhi ufunguliwe. Hiyo ndiyo kazi ya kufuli tangu kufuli liumbwe.

KUFULI: Na ufunguo akae nao nani?

DAFTARI: Mtu mwenye saa za kazi zilizoandikwa mlangoni.

(Vishindo ngazini. Kamati imerudi. Mwenyekiti anachukua Kufuli, anafunga Kasha, anatia ufunguo mfukoni. Katibu anauliza orodha ya vitabu itaandikwa lini. Anajibiwa kwamba orodha ni hatari, maana mtu akiisoma atajua kuna nini. Mweka hazina anaomba dua ya kufungia kikao. Taa inazimwa.)

MCHWA: Nawashukuru wajumbe wote. Maktaba imefunguliwa rasmi.

DAFTARI: Nami nimebaki juu ya meza na kurasa tupu, basi niseme na wewe unayesoma. Kama kwenu kuna kasha la marehemu babu, usisubiri kamati. Lifungue mchana, dirisha likiwa wazi. Kila kitabu kiandikie jina, mwandishi, aliyekinakili, tarehe ikiwepo, na kimezungumza nini: nyota, tiba, dua, safari, deni la mtu. Usichokijua mwulize anayesoma Kiarabu au Kiswahili cha hati za Kiarabu, na wapo. Kipige picha kila ukurasa kwa simu hiyo hiyo uliyo nayo mkononi, umpe nakala na jirani. Ukiona kitabu kina khatimu, jumlisha mwenyewe. Ukiambiwa nyota yako imechafuka, hesabu herufi za jina lako na la mama yako kabla hujatoa pesa. Kisha tundika ubao nje.