Kwa Heshima ya Kukokota

Mwendesha baiskeli akirudi kutoka safari ya milimani atakusimulia upepo, ukungu na kona za mteremko. Picha zote atakazokuonyesha amekaa kwenye siti. Mwulize alifikaje huko juu, ataanza kukohoa.

Alifika kwa kukokota. Alishuka, akashika usukani, akainamisha kichwa na kusukuma kilo 30 za chuma na mabegi huku akiomba asipite mtu anayemfahamu. Nusu ya safari za milimani hubebwa na kazi hii, nayo haijapata hata msifu mmoja. Mimi nimejitolea.

Tuanze na nasaba, maana mwenye heshima huulizwa kwao. Kukokota kuna umri mkubwa kuliko pedeli. Karl von Drais alipotoka Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 na mashine yake ya mbao yenye magurudumu mawili, haikuwa na pedeli wala mnyororo. Aliikalia na kuisukuma kwa kupiga miguu chini. Pedeli zilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye, kule Ufaransa. Kwa hiyo mtu ukimkuta anakokota baiskeli, usidhani ameishiwa pumzi. Anaenzi mila.

Na ushujaa upo. Mwaka 1910 mashindano ya Tour de France yalipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, aliyeipanda njia ya Tourmalet, yenye kimo cha mita 2,115, bila kushuka kwenye baiskeli alikuwa Gustave Garrigou. Alizawadiwa faranga 100. Octave Lapize alifika juu kabla yake, na sehemu ya njia alikuwa ameikokota. Mashindano yalipokwisha, mshindi wa jumla alikuwa Lapize. Garrigou akawa wa tatu, faranga zake mfukoni.

Lakini chuo kikuu cha fani hii, kwa maoni yangu, ni barabara ya Mombo hadi Lushoto, Tanzania. Mombo ipo bondeni, kwenye joto na mkonge. Lushoto ipo karibu mita elfu moja juu yake, mwisho wa kilomita 33 hivi za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa Usambara, mwamba upande huu na korongo upande ule. Ukigawanya utapata mwinuko wa asilimia tatu, kiasi ambacho mtu aliyekaa mezani hukicheka. Ila mguu haupandi wastani. Unapanda kona iliyo mbele yake, na kabla ya mji mdogo wa Soni kona hizo hazina huruma.

Hapo ndipo mwenye mizigo anayekanyaga huenda kilomita tano kwa saa, gurudumu la mbele likiyumba kama ndama aliyezaliwa leo. Akishuka akakokota, atakwenda nne. Kwa kilomita hiyo moja anayoipoteza hupata mambo mengi, la kwanza likiwa haki ya kusimama. Aliye kwenye siti akisimama, ameshindwa. Anayekokota akisimama, anatazama mandhari. Fizikia nayo haina upendeleo: kuinua kilo 100 za mtu, baiskeli na mabegi hadi mita elfu moja ni kazi ileile, ukanyage usikanyage. Na kwa kuwa mwili huipoteza karibu robo tatu ya nguvu ya chakula kwa njia ya joto, hesabu inakuja kama kalori 900. Hiyo ni sahani ya chipsi mayai iliyojaa, na Soni ipo katikati ya njia makusudi.

Halafu kuna salamu. Aliye kwenye siti hupungiwa mkono tu. Anayekokota huulizwa ameamkaje, nyumbani hawajambo, katoka wapi, anakwenda wapi, na mwishowe lile swali la huruma.

"Mwanangu, imeharibika?"

"Hapana, mama. Nzima."

"Haina upepo?"

"Unao."

"Haya, pole."

Anaweka sawa tenga la plamu kichwani na kukupita. Anakupita kweli, kwa kandambili, na kwenye kona ya pili humwoni tena.

Fani hii ina kanuni zake. Kaa kushoto kwa baiskeli, kwa sababu mnyororo upo kulia na grisi yake inaitamani suruali yako. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, baiskeli inakuwa ngao kati yako na malori ya kabichi yanayoshuka kwa honi, nawe unabaki na mtaro. Pedeli itakugonga ugoko. Hiyo ndiyo ada ya masomo, hailipwi kwa mkupuo.

Wenzetu wa Goma, ambao magari yao hupita kulia, hawana bahati ya ngao hiyo, lakini hawahitaji mahubiri yangu. Chukudu yao, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli kama mashine ya Drais, hushuka na mzigo, mwenyewe akiwa juu yake, na mlimani husukumwa. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Sijasikia mji uliomfanyia hivyo aliyebuni gia.

Kuna watakaosema, ngoja mteremko, hapo utaona raha ya kupanda baiskeli. Hawajauliza raba za breki. Ile nguvu yote uliyoipandisha asubuhi inadaiwa irudi, na sehemu kubwa hurudi kuwa moto kwenye raba na ringi. Ongeza udongo mwekundu ulionyeshewa usiku kucha, kwenye zile njia zisizo na lami ng'ambo ya Lushoto, na hata jasiri atakumbuka watoto wake. Bingwa hushuka, akabana breki zote mbili, akaikokota baiskeli kuteremka, hatua kwa hatua, visigino vikichimba tope. Hii ndiyo daraja ya juu kabisa ya fani yetu, nayo ina hadhira yake. Mtu wa bodaboda atapunguza mwendo, akutazame wewe, autazame mteremko, aitazame baiskeli nzima isiyo na pancha, kisha azime injini na kukuuliza unaiuza kiasi gani.