Pole Niliyompa Baba Mwenye Nyumba

Jirani, sogea nikwambie. Kuna watu wana mikosi, halafu kuna mimi.

Julai matokeo ya form six yanatoka, mimi niko kijiweni nasubiri kahawa. Simu ikaita. Binti yangu. "Baba, nimepata one ya 9."

One naijua. Hata sisi tuliorudishwa na form four mikono mitupu tunajua one ni kitu kizito. Ila hiyo 9 ndiyo iliyonimaliza. Nikajisemea, one peke yake ingetosha, huyu mtoto kaiongezea na 9 juu! Nikanunulia kijiwe kizima kahawa. Na kashata. Hela yenyewe ilikuwa ya LUKU. Tukalala giza, lakini giza la ushindi.

Kabla sijamaliza kushangilia akapita baba mwenye nyumba. Kijana wake naye alikuwa form six, combi ileile ya PCB. Nikamuuliza taratibu, kama unavyomuuliza mfiwa, kijana kapata ngapi.

"One ya 3," akasema.

Jirani, roho iliniuma. Tatu! Mtoto kalipiwa tuisheni miaka miwili, gari linamfuata mlangoni, anarudi nyumbani na 3! Nikavua kofia. Nikamshika bega, na bega lenyewe ni la mtu anayenidai kodi ya miezi miwili. Nikamwambia, "Pole sana mzee. Ndiyo mitihani hiyo. Wangu kapata 9, akitulia atamsaidiasaidia kijana."

Akaniangalia. Akaniangalia tena. Akasema ahsante, akaondoka. Nikabaki nawaza, kumbe hata mwenye nyumba tano ana siku yake ya majonzi.

Sasa kwenye kupima nani anapita na nani anabaki, mimi sina mpinzani hapa mtaani. Kila Jumamosi nasuka mkeka. Nazijua odi kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Kwamba mikeka yangu yote imechanika toka ligi ianze, hilo waulizwe marefa. Binti anataka udaktari. Nikakaa chini nikapiga mahesabu, nikampa asilimia 95. Zile 5 nilizibakiza kwa heshima ya Mungu.

Tukaenda stesheneri kujaza maombi. Dogo wa pale akaniuliza, "Namba ya form four?" Nikaitaja fasta, kwa kujiamini. Akaandika, akasita. "Mzee, hii ni namba ya simu." Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka mtoto akaamka. Binti akaitaja namba yake ya mtihani kwa kichwa, huku ameangalia pembeni kama hanijui.

Nikataka kurudisha heshima. Nikauliza, kwani hizi fomu si zinakwenda TCU, wao ndio wanawapanga? Dogo akasema, "Hiyo zamani, mzee. Toka 2017 unaomba chuo chenyewe." Foleni ikacheka tena. Nikaamua kunyamaza.

Sikuweza. Dogo akasoma kwenye kompyuta: udaktari wanataka Physics, Chemistry na Biology, jumla ya pointi isipungue 6. Sita! Sisi tuna 9! Nikapiga meza, mashine ya fotokopi ikakohoa. Nikamwambia jaza udaktari chuo cha kwanza. Cha pili udaktari. Cha tatu udaktari.

Binti akanivuta shati. "Baba, tuweke na uuguzi. Tuweke na ualimu wa sayansi."

Nikamjibu kwa sauti, ili na foleni isikie, "Timu inayoongoza tatu bila haipaki basi." Kwenye namba ya simu nikaweka ya kwangu. Baba ni baba.

Majina yakatoka. Chuo cha kwanza hayumo. Nikasema labda wamepanga kuanzia Z, nikasoma toka chini kwenda juu. Hayumo. Cha pili hayumo. Cha tatu hayumo, ila nani yumo? Kijana wa baba mwenye nyumba. Yule wa 3! Yule niliyempa pole!

Hapo nikapanda mori. Nikaenda kijiweni nikasimama katikati. Nikasema nchi hii inakwenda wapi, mtoto wa 9 anaachwa, mtoto wa 3 anachukuliwa. Nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Muuza kahawa akasahau kumimina. Nilikuwa nimefika kwenye "maskini hana haki" pale mwalimu mstaafu aliponiomba kile kipande cha gazeti nilichofungia kashata.

Akachomoa kalamu mfukoni. Mwalimu akistaafu, kalamu haistaafu. Akachora mistari miwili.

"Huu wa kwanza ni wa Baraza la Mitihani. A ni 1, B ni 2, C ni 3, unashuka hivyo mpaka F, ambayo ni 7. Ukiwa na pointi chache ndiyo umefaulu. Division one inaanzia 3 inaishia 9. Mtu wa 3 kapata A zote. Hakuna mtu juu yake."

Kahawa ikanipalia.

"Wa kwako kapata C tatu. Tatu mara tatu, 9. Yuko one, ndiyo, lakini amekaa mlangoni. Angeongeza pointi moja tu ungekuwa unamwita two." Nami nilishapanga kumwambia binti, akirudia mtihani ajitahidi ifike 12.

Nikajitetea. Nikasema lakini chuo wanataka 6, sisi tuna 9, nimeona kwa macho yangu. Mwalimu akaingia mstari wa pili.

"Chuoni wanageuza. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Huku ukiwa na nyingi ndiyo mambo. Kwa hiyo C tatu kwa binti yako ni 9. Na yule kijana wa A tatu, mwalimu wa hesabu ni wewe."

Nikahesabu kwa vidole. Vikaisha. Nikaazima vya muuza kahawa. Kumi na tano.

Angalia mkosi wangu ulivyo na akili, jirani. Kati ya herufi zote za mwalimu, iliyo sawasawa pande zote mbili ni C peke yake. Tatu huku, tatu kule. Mtoto wangu akaenda kuipata hiyohiyo, mara tatu. Ndiyo maana 9 yangu haikubadilika kokote nilikoipeleka, na mimi nikaona hesabu inakubali.

"Na ile 6?" nikauliza, sauti ikiwa imepungua.

"Ile 6 ni D tatu. Hiyo inakuruhusu kupanga foleni, kiti hawajakupa. Viti vikiwa vichache wanaanza na wa 15, wanakuja wa 14, wanakuja wa 13. Wanashuka mpaka viti viishe. Kwenye udaktari viti vinaisha mapema."

Kijiwe kizima kimya. Kashata yangu iko mezani uchi, gazeti lake lina mahesabu.

Nilipofika nyumbani binti hakuninunia, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Dirisha la pili lilipofunguliwa akajaza mwenyewe kwa simu ya mama yake. Ualimu wa sayansi. Vyuo viwili vikamchukua kwa mpigo! Sasa ukichukuliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri uthibitishe unakwenda wapi. Hiyo namba ikaja kwenye simu yangu, maana yangu ndiyo tuliyoiandika stesheneri. Nikaifuta. Meseji zenye namba za siri tulishaambiwa ni matapeli. Binti akaomba nyingine, na safari hii simu akaishika yeye. Akathibitisha.

Jana baba mwenye nyumba kapita. Akavua kofia. Akanishika bega. "Nimesikia binti kapata ualimu, hongera sana. Kijana wangu akipata nafasi atamsaidiasaidia. Halafu ile kodi, kuanzia mwezi ujao tunaihesabu kwa mtindo wa chuoni. Kubwa ndiyo nzuri."

Kwa hiyo jirani, mtoto akikuomba aongeze kozi ya pili, mwache aongeze. Akikutajia pointi, muulize kwanza zinahesabiwa kutokea juu au kutokea chini, ndipo utoe pole. Na kahawa ya leo lipa wewe.