Yah: Shukrani kwa Kugunduliwa kwa Ziwa

Kwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, London.

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, wa msafara uliotumwa na Jumuiya, alipanda kilima huko Mwanza akaligundua ziwa. Wasukuma, Wakerewe na Wajita, waliovua humo, wakanywa maji yake na kulivuka kwa mitumbwi tangu enzi za mababu, hawakuwa wameligundua; walikuwa wakiliona tu. Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wa kusini Nyanza. Majina hayo yalikuwa na kasoro moja: hakuna hata moja lililokuwa la malkia wa Uingereza.

Ugunduzi wenyewe ulifanyika kwa kuelekezwa. Huko Kaze, Tabora ya leo, mfanyabiashara Snay bin Amir alikwisha kueleza kwamba kaskazini liko ziwa kubwa. Mkalimani wa safari alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao. Kazi ya Speke ilikuwa kuchemsha maji, kutumbukiza kipimajoto na kukokotoa mwinuko wa ziwa. Baada ya siku tatu aligeuza njia, akiwa na hakika kwamba chimbuko la Nile limepatikana. Jumuiya ilimtunuku nishani ya dhahabu mwaka 1861. Bombay alipewa ya fedha.

Ramani ilipochorwa, haikukosa wateja. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka ukate ziwa kwenye latitudo ya nyuzi 1 Kusini: juu ya mstari Mwingereza, chini yake, Mwanza ikiwamo, Mjerumani. Samaki hawakupelekewa nakala.

Sayansi ilirudi mwaka 1927, safari hii kuhesabu samaki. Michael Graham alikuta ngege wamepungua nyavuni, akashauri nyavu za macho madogo zizuiwe, akaonya pia juu ya kuleta samaki mla wenzake kutoka nje. Graham alikuwa mtaalamu wa dola yenyewe. Miaka ya 1950, Uganda ikiwa bado chini ya Mwingereza, sangara akaingizwa. Furu wa mamia ya aina wakaliwa, wengine wasionekane tena. Sangara naye akawa minofu ya kupelekwa Ulaya kutoka viwanda vya Mwanza.

Kwa hisani hizo zote, Jumuiya inaombwa marekebisho madogo ya kumbukumbu zake: penye neno “aligundua”, iandikwe “alionyeshwa”.

Nakala: Soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza.